Je, Kubeba Friji Kwenda Kuombea Wagonjwa ni Kukosa Imani?



Wiki jana niliweka hapa picha ya friji mpya ikiwa ndani ya gari letu la misheni, na wengi mkaandika Amen. Lakini dada mmoja, mtu wa maombi ambaye namheshimu sana, alinitumia ujumbe pembeni. Aliuliza: tunaenda Turkana kuombea wagonjwa wapone, sasa friji ya dawa ni ya nini? Naye mzee mmoja wa kanisa akaniuliza kwa upole wake wa kawaida kama zile shilingi 187,000 hazingetosha spika mpya za madhabahuni.

Maswali yote mawili ni mazuri, na nitayajibu hapa mbele ya wote. Nianze na friji yenyewe, kwa sababu najua wengine mnadhani ni ya kuwekea mchungaji soda.

Gari mnalijua. Ni ile pikapu yenye kijumba mgongoni, kina kitanda, jiko la gesi na kabati, ambayo wamisheni wawili wazee walituachia walipostaafu na kurudi kwao. Ndani mlikuwa na friji ndogo ya zamani ambayo haikuwa na mota hata moja. Haikunguruma. Unawasha moto mdogo wa gesi nyuma yake, nayo inatoa baridi. Vijana wetu walipoambiwa moto ndio unaoleta baridi walicheka mpaka wakalia, lakini ndivyo ilivyo. Ndani ya mabomba yake kuna maji, amonia na haidrojeni. Moto unachemsha amonia itoke kwenye maji, inapanda juu kama mvuke, inapoa inakuwa kimiminika, kisha inakutana na haidrojeni na kugeuka mvuke tena. Pale inapogeuka ndipo inapovuta joto lililo ndani ya friji. Halafu maji yanainywa tena na safari inaanza upya. Waliobuni mtambo huo ni wanafunzi wawili wa Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922, wakiwa bado chuoni Stockholm. Mahali pasipo na stima, friji za ukoo huo, nyingine za gesi na nyingine za mafuta ya taa, zimefanya kazi kubwa. Mimi siidharau hata kidogo.

Shida yake ni mbili. Ya kwanza, haina pampu. Kila kitu ndani yake hutiririka kwa uzito wake chenyewe, kwa hiyo lazima isimame sawasawa. Ukiegesha gari limeinama, kimiminika kinajikusanya pembeni na baridi inakoma, hata kama moto unawaka vizuri. (Wapendwa, hapa ningeweza kuhubiri saa nzima juu ya Wakristo ambao baridi yao hupatikana tu wakiegeshwa mahali tambarare. Nimejizuia. Mnajijua.)

Ya pili ni joto. Friji ya namna ile hushusha joto kama digrii 20 hivi chini ya joto linaloizunguka. Hapa kwetu Kitale, siku ya digrii 22, mambo ni mazuri kabisa. Lakini teremka Kamatira, pita Marich, pita Kainuk na Lokichar, ufike Lodwar, karibu kilomita 300 kutoka hapa, saa nane mchana. Kukiwa na digrii 38, toa 20, unabaki na 18. Kwa kabichi hiyo ni baridi ya kutosha. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka kukaa kati ya digrii 2 na 8.

Safari ya mwaka jana tulipiga kambi ng'ambo ya Lodwar, kando ya mto mkavu, ule unaoitwa laga. Huko hakuna mahali palipopigwa bapa kwa ajili ya magari. Unaegesha penye kivuli na kumshukuru Mungu kwa kivuli. Usiku upepo ukaja, kama unavyokuja huko, ukazima moto. Asubuhi dada yetu nesi alifungua mlango wa friji kabla ya maombi na kutazama kipimajoto. Digrii 29. Mlikuwa na vichupa 14 vya insulini.

Alituita akatueleza kwa utulivu. Dawa ile haikuwa sumu, wala haikuwa imekufa. Kichupa kikishatoka kwenye baridi kinaweza kutumika kwa wiki nne hivi, mradi kisipate joto kali. Lakini dawa tuliyoibeba iwatoshe watu miezi mitatu haikuwa tena dawa ya miezi mitatu.

Saa tatu akafika mama mmoja na binti yake wa miaka 11. Walikuwa wameanza kutembea usiku. Yule mtoto ana ugonjwa wa sukari wa aina ile ambayo mwili wenyewe hautengenezi insulini, na lazima adungwe kila siku. Nyumbani hawana friji wala stima. Mama huhifadhi dawa ndani ya chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga, na mchanga anaunyunyizia maji asubuhi na jioni. Maji yanapokauka yanaondoka na joto. Kule Turkana hewa ni kavu, kwa hiyo chungu hicho hufanya kazi kuliko ambavyo kingefanya Mombasa. Nesi wetu alikisifu kile chungu mpaka mama akaona haya.

Lakini chungu hakiwezi kufikisha digrii 8. Kinatunza kichupa kinachotumika, hakitunzi akiba. Kwa hiyo tulimpa kichupa kimoja badala ya vitatu, na akaelezwa akimalize ndani ya mwezi. Akauliza neno moja tu kupitia kwa mkalimani: na mwezi ujao?

Mwezi uliofuata dada nesi alipanda matatu hadi Lodwar akiwa amepakata kikapu cha barafu. Na mwezi uliofuata tena. Hakuna aliyemtuma, alituambia aliporudi.

Sasa nimjibu dada yangu wa maombi. Ndiyo, tulimwombea yule mtoto. Tuliweka mikono, tulilia mbele za Bwana, na mama yake alilia nasi. Mimi naamini uponyaji, ninyi mnajua, na kuna watu humu wanaosoma maneno haya ambao wenyewe ni ushuhuda. Yule binti bado anadungwa sindano kila siku. Nitamwombea tena. Lakini sikumwambia mama yake amwage dawa, na mtumishi yeyote wa kanisa letu atakayemwambia mgonjwa aache insulini aonane na mimi ofisini kabla hajagusa maikrofoni tena. Nasema hivi nikiwa na upendo, na nasema kwa herufi kubwa moyoni. Mungu akimponya, kipimo cha sukari kitaonyesha, daktari atapunguza dawa mwenyewe, na sisi tutacheza.

Mnajua watoto wa aina hiyo walikuwa wanaishi muda gani kabla dawa hii haijapatikana? Miezi, wengine mwaka mmoja au miwili, kwa kunyimwa chakula hadi wabaki mifupa. Januari 1922, Toronto, Kanada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson akawa mtu wa kwanza kudungwa insulini kama matibabu. Aliishi miaka 13 zaidi. Angalieni mwaka huo: 1922. Mwaka uleule ambao wanafunzi wa Stockholm walikuwa wanahangaika na mabomba yao ya amonia. Dawa inayotaka baridi, na friji isiyotaka stima, bahari mbili mbali, na hakuna aliyemjua mwenzake. Mimi nikisoma jambo kama hilo nasema Haleluya, nyinyi semeni bahati.

Someni Isaya 38. Mfalme Hezekia yuko kitandani, Bwana amekwisha kumtumia neno kwamba ataongezewa miaka 15. Neno limetoka, limethibitishwa, hata kivuli cha jua kimerudi nyuma kama ishara. Na nabii yuleyule aliyeleta neno anaagiza walete andazi la tini waliweke juu ya jipu. Kwa nini tini, kama ahadi imeshatolewa? Nimewauliza watumishi wengi swali hilo na sijapata anayesema Isaya alikosa imani. Mtu fulani jumba la mfalme alilazimika kuwa na tini zilizohifadhiwa vizuri siku ile.

Na mana je? Nasikia mkisema iliyowekwa akiba iliingia mabuu. Ni kweli, Kutoka 16. Lakini endeleeni kusoma sura ileile. Ya siku ya sita ilikaa hadi Sabato bila kuoza, na mwisho wa sura Musa anaagizwa ijazwe chombo kimoja kiwekwe kwa vizazi vijavyo. Kwa hiyo si kila kuhifadhi ni woga. Kuna mtu huhifadhi kwa sababu hamwamini Mungu kwa kesho, na kuna anayehifadhi kwa sababu ameagizwa kumpelekea mwingine. Nje vinafanana kabisa. Hata mimi siwezi kukutenganishia kwa kutazama friji yako.

Basi mzee wangu wa spika, hesabu ni hii. Friji mpya ni ya kompresa: mota ndogo inayosukuma gesi ya kupozea kwa nguvu, haingoji kitiririke chenyewe. Gari likiinama kwenye laga inaendelea kufanya kazi. Inakula volti 12 moja kwa moja, kama ampea 4 inapozunguka, na kwenye joto la Lodwar inazunguka zaidi kidogo ya nusu ya siku. Hiyo ni kama ampea-saa 50 kwa siku. Ile ya zamani ukiiwasha kwa betri ilikuwa inameza ampea 12 bila kupumzika, karibu 290 kwa siku, ndiyo maana ilibidi gesi. Paneli ya sola ya wati 200 iliyo juu ya paa, kwa jua la kule, inarudisha kinacholiwa. Betri ni ya lithiamu, ampea-saa 100, inaweza kutubeba karibu siku mbili mawingu yakitanda, na Turkana mawingu ya siku mbili ni habari ya kutangaza redioni.

Fundi wetu wa stima, kijana wa hapa kanisani, alifanya kazi siku tatu na hakuchukua pesa ya mikono yake. Alitoa friji ya zamani, akaziba bomba la gesi kwa kifuniko cha shaba na kupaka povu la sabuni kuona kama kuna kiputo. Tundu la chini la ukutani, ambalo moto ule ulihitaji kwa ajili ya hewa, alilifunga kwa bati na mpira, maana vumbi lote la barabara lilikuwa linaingilia hapo. La juu akaliacha litoe joto, na kafeni kadogo. Siku ya kwanza friji ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Betri ilikuwa nzima, lakini alipopima nyuma ya friji akakuta volti 11.3. Zile nyaya za zamani zilikuwa nyembamba, nguvu ilikuwa inapotelea njiani. Akavuta nyaya nene za milimita 6 za mraba, akaweka fyuzi, na tangu hapo imetulia. Friji mpya ni fupi kuliko tundu la ile ya zamani, kwa hiyo alitengeneza droo juu yake. Mama Mchungaji ameshaichukua kwa majani chai na sukari.

Jambo moja ambalo nesi anataka nilirudie kwa wote watakaosafiri: friji hii ina nguvu ya kugandisha, na insulini ikiganda imeharibika kabisa kuliko ikipata joto. Usisogeze kichupa kigusane na ukuta wa baridi ili "kipoe vizuri". Vinakaa katikati, ndani ya kikopo cha plastiki, pamoja na kipimajoto, na kidude kimewekwa digrii 5. Asiyehusika asiguse. Na chupa zenu za maji mtabeba kwenye ndoo.

Ile ya zamani tumempa mjane mmoja wa kanisa hapa Kitale. Imesimama juu ya sementi iliyonyooka, inatumia stima ya nyumbani, na juzi nilikunywa maziwa baridi kutoka humo.

Spika zitanunuliwa, mzee wangu. Harambee yake ni Novemba na mimi nitatoa wa kwanza.

Tunaondoka Jumatatu saa kumi alfajiri kutoka kanisani. Dada nesi anahitaji kipimajoto cha pili cha friji, na mtu wa kufundishwa kukisoma ili zamu ya usiku isiwe yake peke yake. Mwenye nafasi amwone shemasi wa misheni kabla ya Ijumaa. Tunabeba vichupa 20 safari hii, vitatu vikiwa vya yule binti. Tuombeeni hasa kwenye mteremko wa Kamatira, mvua imenyesha huko usiku mbili mfululizo.