Datsun ya Ami na Upepo wa Kusi

Ami yangu alinunua Datsun 240Z mwaka 1974 kutoka kwa bwana mmoja wa bandarini aliyekuwa akihamia Nairobi. Gari lilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Rangi yake ya chungwa, boneti refu, viti viwili, na nyuma mlango mmoja unaoinuka juu pamoja na kioo chake. Mwembe Tayari, hapa Mombasa, ililijua kwa sauti kabla ya kuliona. Wapakiaji wa mabasi walisimama na mizigo mabegani, wauza kahawa wakainua macho, na sisi watoto tukalikimbilia mpaka kona ya soko.

Heshima ile ilikuwa na sababu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda mbio za magari za Safari kwa 240Z, na wa pili akawa Shekhar Mehta katika gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta mwenyewe, kijana mzaliwa wa Uganda ambaye jamaa zake walikuwa wameondoka huko mwaka uliotangulia, Idi Amin alipowafukuza Wahindi. Alifungana pointi na Harry Källström wa Uswidi, naye pia katika Datsun, na mshindi akapatikana kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Mbio zilikuwa za Pasaka, redio zikawa wazi kila kibaraza. Baada ya hapo, ukiuliza Mombasa gari imara ni lipi, hata mtoto wa chuoni alikuwa na jibu.

Miaka miwili ya mwanzo gari lilistahili sifa zote hizo. Mlango uliusukuma kwa vidole viwili ukashika. Injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita mbili nukta nne, iliwaka asubuhi bila kubembelezwa, na ami akikanyaga mafuta baada ya Makupa mgongo wako uligandamana na kiti. Foleni ya feri ya Likoni ndiyo iliyokuwa mtihani wake. Jua la saa saba, injini imezimwa baada ya mwendo mrefu, joto linapanda kutoka kwenye bomba la ekzosi hadi kabureta mbili zilizokaa juu yake, kama zilivyopangwa injini nyingi za wakati ule, na petroli inachemka humo ndani. Foleni inasonga, injini inakohoa. Ami alizoea kulifungua boneti mara tu anaposimama, injini ikapata hewa, na tatizo likaisha.

Jambo kubwa lilikuwa mahali gari lilipolala. Nyumba yetu ilikuwa Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, na vichochoro vya kule ni vya watu na mikokoteni. Kwa hiyo gari lililala nje, upande wa Ngomeni, likiitazama bahari. Kusi likianza kuvuma mwezi wa nne, asubuhi ulikuta kioo cha mbele kimefunikwa na ukungu mweupe, na ukipitisha kidole na kukilamba unapata chumvi. Ami aliliosha kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, juu na ubavuni, likang'aa. Chini hapakufika mtu. Na alipokwenda Nyali alipita daraja la zamani lililoelea juu ya maji, maana daraja la zege halikufunguliwa mpaka mwaka 1980, kwa hiyo chumvi ilikuwa ikilifuata gari hata linapotembea.

Dashibodi ilipasuka kwanza, ufa mmoja mrefu juu ya saa ya mwendo. Jua la Mombasa halina huruma na plastiki iliyolazwa juu ya sponji. Kisha likatokea lengelenge moja la rangi, dogo kuliko punje ya mtama, kwenye tao la gurudumu la nyuma. Ami akalipeleka gereji Mwembe Tayari, kwa fundi wa bodi aliyekuwa na kiwanja nyuma ya barabara ya mabasi, akataka lipigwe msasa na kupakwa rangi ndogo.

Fundi hakushika msasa. Alichukua bisibisi, akaanza kugonga kwa mpini wake, polepole, kutoka kwenye tao kwenda mbele, chini ya mlango, akisikiliza. Bati zima linalia. Bati lililoliwa linajibu kwa sauti nzito, fupi. Akafika katikati ya mlango, akasimama.

"Hapa juu kutu haikuingia, bwana," akamwambia ami. "Hapa ndipo inapotokea. Imeingia zamani, ndani."

Maneno hayo yaliniamulia kazi ya maisha yangu, ingawa siku ile sikujua. Kabla ya hapo nilidhani gari huchakaa kutoka nje kwenda ndani, kama nguo. Kumbe bodi ya chuma huanza kuondoka pale ambapo hakuna jicho linalofika, kwenye mihimili yenye uwazi ndani, kwenye maungio ya bati mbili zilizobanana, na rangi ya nje ndiyo ya mwisho kupata habari. Mwenye gari anayelipenda gari lake kwa macho huwa amechelewa kwa miaka.

Mbio za Safari hazikuweza kutufundisha hilo. Gari la mashindano liliimarishwa kwenye maungio, likafungwa ngao chini ya injini, likafuatwa na mafundi wenye spea na matairi. Lilitakiwa livumilie maelfu ya kilomita za mawe, vumbi na tope kwa siku chache, na lilivumilia kwa namna ambayo mpaka leo naistaajabia. Hakuna aliyelitaka lilale nje Ngomeni kwa masika matano. Ni uimara wa aina mbili, na sisi mtaani tulikuwa tumeuchanganya.

Nilipomaliza shule nikaingia kwa fundi yule kujifunza kazi, na mwaka 1982 gari la ami likaja tena, safari hii kufunguliwa lote. Tulitoa viti, tukakunja zulia. Sakafu upande wa dereva ilipitisha mwanga. Chini ya betri, asidi iliyodondoka ilikuwa imekula kikalio chake na kushuka kwenye mhimili wa mbele. Lakini shule yenyewe ilikuwa kwenye ule mhimili wa chini ya mlango. Fundi aliupasua kwa patasi kwa urefu wake wote, akanipa kijiko cha chuma nitoe kilichomo.

Yalitoka majani ya mwarobaini, yameoza yakawa meusi. Yalikuwa yameingia kwenye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, yakateremka na maji ya mvua nyuma ya bati la ubavuni, yakafika kwenye mhimili na kuziba kitundu cha kutolea maji. Juu yake palikuwa na udongo mwekundu wa Shimba Hills, kisha mchanga mweupe wa Nyali, kisha udongo tena, tabaka kwa tabaka. Ami alisimama pale akizitambua safari zake. Kila kitu kile kilikuwa na unyevu, na ulikuwa mwezi wa pili, katikati ya kiangazi cha kaskazi. Maji yaliyoingia miaka kadhaa nyuma yalikuwa hayajapata njia ya kutoka.

Sitamlaumu aliyeliunda gari lile. Miaka ile karibu viwanda vyote vya magari, vya Italia, vya Uingereza, vya Japani, vilikuwa vikitumia bati jembamba lisilopakwa zinki, na gari la michezo lilitakiwa liwe jepesi. 240Z ilikuwa na uzito wa zaidi kidogo ya tani moja. Wenye magari hayo Marekani na Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, wanazitaja sehemu zilezile: chini ya betri, sakafu, mhimili wa mlango, matao ya nyuma. Sisi tuliipata chumvi hiyo bila theluji, tena mwaka mzima.

Mihimili mipya hatukuweza kuagiza. Fedha za kigeni zilikuwa adimu na kibali cha kuagiza spea kilihitaji subira isiyokuwepo. Fundi alinunua bati la milimita moja, akalikunja kwa nyundo ya mbao juu ya kipande cha reli mpaka likachukua umbo la lile la zamani, akalichomelea kwa gesi nukta baada ya nukta ili joto lisilipinde. Nilimwona akifanya jambo ambalo mchoro wa kiwandani haukuwa nalo: alitoboa matundu mapya ya maji, makubwa kuliko yale ya mwanzo, kila mahali bati linapokutana na jingine kwa chini. Kisha akanituma Bandari ya Kale nikanunue sifa.

Msomaji wa bara huenda hajui. Sifa ni mafuta ya maini ya papa na samaki wengine, ambayo mabaharia wetu wamepaka mbao za majahazi tangu enzi za mababu. Yananuka vibaya, lakini yanapenya. Fundi aliyachemsha pamoja na grisi, akayamimina yakiwa moto ndani ya mihimili kwa bomba la mpira mpaka yakaanza kuchuruzika kwenye matundu mapya. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba huko Marekani kampuni ya Rust-Oleum, iliyoanzishwa mwaka 1921, ilitokana na nahodha aliyegundua kuwa mafuta ya samaki yakimwagika kwenye sitaha ya chuma kutu husimama. Nilifurahi sana. Fundi wangu hakuwahi kumsikia nahodha huyo. Alichukua elimu ya jahazi akaipeleka kwenye gari, na alifanya sawasawa.

Harufu ilikaa ndani ya gari hadi mwaka uliofuata. Ami akakubali pia kuacha kulilaza Ngomeni. Alikodi nafasi kiwanjani Mwembe Tayari, nyumba kadhaa zikawa kati yake na bahari, na kila usiku akarudi Kibokoni kwa miguu. Alipoliuza, mwaka 1990, niligonga mihimili yote kwa mpini wa bisibisi kabla mnunuzi hajafika. Ililia. Injini ilikuwa ileile, valvu zake zimerekebishwa tu kwa wakati wake.

Tangu hapo nimelitazama kila gari la michezo kwa swali moja: maji yakiingia, yanatokea wapi? Ndiyo maana naiheshimu Porsche kuliko wengi wa rika langu. Gari lao la 911 halikuwahi kuishinda Safari miaka ile. Vic Preston mdogo, kijana wetu wa Kenya, alikuwa wa pili nalo mwaka 1978, nyuma ya Peugeot ya Jean-Pierre Nicolas. Lakini kuanzia matoleo ya mwaka 1976 walikuwa wanaunda bodi kwa bati lililochovywa zinki. Kwenye jukwaa la washindi zinki haionekani. Inaonekana miaka kumi na tano baadaye, ukikunja zulia.

Siku hizi kazi yangu ni kukagua magari kwa niaba ya wanunuzi. Sheria inataka gari lililotumika liingie nchini kabla ya kutimiza miaka minane, kwa hiyo yanayoshuka Kilindini bado yana sura ya ujana, na vijana wanayalipia kwa kutazama picha. Bati lake ni bora mara nyingi kuliko la zamani, hilo nalikiri kwa furaha. Uchakavu umehama tu. Umekwenda kwenye soketi za nyaya, ambazo zikipata unyevu wa chumvi zinaota ukijani na taa ya injini inawaka bila sababu ionekanayo. Umekwenda kwenye taa za mbele za plastiki zinazofifia kwa jua, kwenye rangi ya juu inayobambuka kwenye mapaa, na kwenye vishikizo vidogo vya plastiki vinavyovunjika mara ya kwanza fundi asiyejua anapong'oa bitana ya mlango. Na chini ya gari lililotoka kaskazini mwa Japani, huwa ninakuta chumvi ya barabara za theluji imeshika kwenye boliti za ekseli. Gari hilo huja likiwa na chumvi ya nchi mbili kabla halijapewa namba ya Kenya.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Majengo aliniita nimtazamie gari la michezo lenye turbo, bluu, safi ajabu. Muuzaji alitaka tuliwashe kwanza tusikie injini. Nilimwomba jeki. Nilikuta boliti zimeshika kutu, matundu ya maji chini ya milango yamezibwa na dawa nyeusi iliyopuliziwa karibuni juu ya tope, na soketi moja nyuma ya gurudumu imeanza ukijani. Mihimili ililia vizuri.

"Ami, nilichukue ama nisilichukue?" akaniuliza.

Nikamwambia alichukue, ila bei ipungue kwa kiasi cha kazi iliyobaki, nikamwandikia kazi hiyo kwenye karatasi mbele ya muuzaji: kung'oa bitana za matao, kukwangua dawa ile, kuzibua matundu manane, kubadilisha soketi, kupaka nta ndani ya mihimili. Walivutana mpaka adhuhuri. Bei ikashuka. Jumatatu gari likaingia kiwanjani kwetu, na tulianza na matundu.