Fundi Asiondoke Kabla ya Kupima Waya

Wadau, leo naongelea waya. Si kifurushi, si bei. Ule waya unaoshuka kutoka paani hadi kwa rauta yako.

Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika hapa Mombasa. TEAMS yatoka Fujairah, Falme za Kiarabu, kama kilomita 5,000 chini ya maji. Sasa intaneti ivuke bahari yote hiyo, halafu ikwame mita kumi za mwisho hapa Bofu kwa sababu mtu alibana kichwa cha waya mbio mbio awahi kazi nyingine? Jamani!

Ndani ya waya wa data mna nyuzi 8, yaani jozi 4. Spidi ya 100 Mbps hutumia jozi 2 tu, kwa hivyo nyingine zikikatika taa ya rauta yaweza kuwaka vizuri tu. Fundi atakwambia, "Si waona, iko sawa." Siku ukitaka 1,000 Mbps, zahitajika zote 4. Na antena nyingi za paani hupata umeme kupitia uzi wa buluu na wa kahawia. Zikilegea, laini yazima na kuwaka siku nzima.

Mwaka jana nililipa mafundi wawili kwa kazi moja. Wa pili alikuja na testa, akachomeka ncha zote mbili, taa zikahesabu 1 hadi 8. Namba 7 ikaruka. Akakata kichwa, akabana kipya. Dakika tano!

Lakini testa ndogo huonyesha tu kama nyuzi zimeshikana na zimefuatana. Kwa hivyo chomeka laptopu kwa waya, pima spidi fundi akiwapo. Waya wa TV nao uangalie mwishoni: unywele mmoja wa wavu wa nje ukigusa uzi wa kati, picha huna. Na viungo vya nje vifungwe vizuri, chumvi ya bahari haina huruma.

Mafundi, msione twawadharau. Kuna vijana mtaani wanafanya mahojiano ya kazi kwa laini hizi, na mwajiri hangoji urudi na ngazi.

Mimi msimamo wangu: hakuna kupima, hakuna pesa ya mwisho. Wewe je, fundi wako alipima ama aliangalia taa tu?