Papa Yako Anaitwa Nani?



Katika gazeti letu tumezoea kusoma habari ya mpira, ya mitihani na ya safari za kwaya. Leo ninataka kusema juu ya jambo dogo la nyumbani, ambalo kila mmoja wetu mwenye wadogo anaweza kulifanya bila kutoa hata franka moja. Ni kumfundisha mtoto majina. Sisemi majina ya wanyama wala ya miji mikubwa. Nasema majina ya watu wake mwenyewe.

Kwetu, hapa Goma, tuko watoto watano. Mimi ni wa kwanza, na wote wananiita Yaya. Wa mwisho ana miaka ine, tunamwita Kadogo. Baba yetu sisi wote tunamwita Papa. Mama, majirani siku hizi wanamwita Mama Kadogo, kwa sababu mtoto huyu haachi kikwembe chake. Na mama yake Papa ni Koko. Ndani ya nyumba majina haya yanatosha kabisa. Ukiita Kadogo, Kadogo anaitika. Na kama bugali imeiva, anaitika mbele ya kuitwa. Lakini nguvu ya majina haya inakomea kwenye ukuta wa mawe meusi unaozunguka lupango yetu. Ukivuka pale, hayamjulishi mtu yeyote.

Jambo hili tulilijua siku moja ya posho katika soko la Virunga. Mama alimshika Kadogo mkono, mimi nilibeba kitunga cha sombe na viazi. Mara mvua ikaanguka, ile ya hapa kwetu isiyopiga hodi. Watu wote wakakimbilia chini ya mabati. Chukudu mbili zenye mizigo zikapita katikati yetu, huyu anasukuma huku, yule anasukuma kule, na mkono wa mtoto ukateleza katika mkono wa Mama. Tulimtafuta karibu nusu saa. Mama aliita, "Kadogo! Kadogo!" na watoto watatu tusiowajua wakaitika.

Tulimkuta amesimama juu ya meza ya mama mmoja muuzaji wa sambaza za kukauka. Mama yule alimpandisha pale ili aonekane toka mbali, kisha akamfunika na gunia. Alitueleza namna walivyozungumza:

— Jina yako nani?
— Kadogo.
— Papa yako anaitwa nani?
— Papa.
— Na mama yako?
— Mama.
— Munaishi wapi?
— Kwetu.
— Kwetu njo wapi?
— Kule kwenye kuko imbwa.

Watu waliokuwa pale walicheka sana, na mimi pia nilicheka njiani. Mama hakucheka. Na jioni, wakati Papa alipopata habari, aliweka sahani chini akasema tu: "Mumekwisha kusahau mwaka wa 2021?"

Kwa wenzetu waliotoka mbali, nieleze kidogo. Jioni ya siku ya posho, tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulitoa moto. Moto ule ulishuka mpaka Buhene, karibu sana na mji, ndipo ukasimama. Lakini usiku ule hakuna aliyejua utasimama wapi. Watu wengi walikimbilia Rwanda, wengine wakashika barabara ya Sake. Sisi tulishika ya Sake, kwa miguu. Kadogo alikuwa bado kuzaliwa. Mama alipasua kikwembe vipande vipande, akafunga mkono wangu na wa mdogo wangu, na wa huyo na wa yule anayemfuata. Wa nne alikuwa mgongoni. Papa alikuja nyuma, godoro juu ya kichwa, anamshika Koko. Mimi nilikuwa mtoto wa masomo ya msingi, lakini sauti za usiku ule ningali nazisikia: wazazi wanaita majina katika giza, bila kujua kama mtoto yuko mbele, yuko nyuma, ama alifuata majirani kwenye barabara ingine. Kesho yake UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na jamaa zao, na kwamba kulikuwa hofu juu ya wengine zaidi ya 170, kwamba wamepotea. Halafu tarehe 27 ya mwezi ule ule, wakubwa wa serikali waliagiza watu wa kartie 10 kati ya 18 za mji watoke, na barabara zikajaa tena.

Sasa tufikiri. Mtu mwema akimkuta mtoto wa miaka ine katika kundi kama lile, atafanya nini? Atampa maji, atampa kipande cha mkate, atamfunika. Lakini hawezi kumrudisha kwa "Papa". Akina Papa wako maelfu, na imbwa pia ziko mingi.

Basi Papa akapanga masomo, na mimi nikapewa kazi ya mwalimu, kila jioni wakati tunangojea chakula. Somo la kwanza: jina lako lote. La pili: majina ya baba na ya mama. La tatu: kartie na avenyi. La ine, kwa wale wenye kichwa chepesi: namba ya telefoni.

Shida ya kwanza ilitoka kwa Koko. Alisikia katoto ketu ka kike kanasema majina ya Papa kwa sauti kubwa, akasimamisha mambo yote. "Mutoto haiti baba yake kwa jina! Kwetu ile ni kukosa heshima." Papa hakubishana naye, kwa maana ni mama yake. Alimuuliza tu: "Mama, kama usiku ule katoto hako kangepotea kule Sake, ungependa kaseme nini?" Koko alinyamaza kwa muda mrefu. Siku ya pili yeye mwenyewe akaleta dawa. Aliwakalisha watoto wote karibu na mbabula, akawafundisha kusema: "Papa yangu anaitwa," ndipo majina yafuate. Akasema kumwita baba kwa jina ni jambo moja, na kumjulisha mtu baba yako ni nani ni jambo lingine. La kwanza ni utundu. La pili ni kujua ulikotoka, na hilo wazee wetu walilifundisha sikuzote. Toka siku ile sikusikia neno lingine.

Shida ya pili ilikuwa namba. Tulimtungia Kadogo wimbo, akazishika zote kumi kwa siku tatu. Lakini siku ya yenga, Papa alipompa telefoni ya Mama ajaribu, aligeuza namba mbili za mwisho. Mtu wa Kinshasa akaitika kwa lingala. Kadogo alisikiliza sana, akasema kwa huruma: "Papa, uko unasema nini? Uko mugonjwa?" Mtu yule alicheka mpaka sote tukamsikia. Papa akamwomba musamaha, wakasalimiana, na somo likaanzwa upya.

Shida ya tatu ni kubwa kuliko zote. Mtoto aliyejifunza kusema majina anataka kuyasema kwa kila mtu, na si kila mtu ni mwema. Kwa hiyo Mama aliongeza somo lake: ukipotea, usikimbie, simama pale ulipo. Ukiona mama mwenye watoto, ama mama anayeuzisha mezani pake, umwambie yeye. Mtu akikuambia, "Kuya, nikupe bonbo," usiende, lia kwa nguvu. Somo hili tunalirudilia kuliko mengine, kwa sababu Kadogo anapenda bonbo kuliko majina.

Ndugu wanafunzi, vakansi iko karibu. Wengi wetu, zaidi wale wa internati, tutafika nyumbani tukute wadogo wamekua, wanajua nyimbo na maneno mapya. Jaribuni jambo hili. Muite mtoto, mumuulize maulizo matatu: Jina lako lote nani? Papa na mama wanaitwa nani? Munaishi kartie gani na avenyi gani? Musimsaidie, na akishindwa musimcheke. Mukae naye dakika tano kila jioni, na mbele ya vakansi kuisha atakuwa anajua. Sisi wakubwa tunashika majina ya wafalme wa Ulaya na ya mito ya mbali kwa ajili ya mtihani. Mtoto wa miaka ine hakosi nafasi katika kichwa chake kwa majina sita.

Lakini mujue kwamba kazi hii ina bei yake. Zamani muuza mikate wa avenyi yetu alikuwa anamsalimia Papa, "Jambo, Papa Kadogo." Sasa Kadogo amekwisha kumfundisha. Kila asubuhi, mbele ya watu wote, muuza mikate anamsalimia Papa kwa majina yake yote matatu, la kizungu ndani. Papa anavua kofia, anajibu: "Aksanti, mwalimu amefanya kazi."

Yaya,
mwanafunzi wa darasa la tatu