Mitumba Yarudi Uingereza: Tulivyouza BBC Micro ya Shangazi

Mwezi uliopita nimeuza tarakilishi yenye umri wa miaka zaidi ya arobaini. Si yangu. Ni ya shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa hisabati anayeishi Mombasa, na aliyeinunua ni mkusanyaji wa kompyuta za kale huko Uingereza. Marafiki kadhaa wameniuliza kama kweli kuna mtu mwenye akili timamu anayetoa pesa kwa kifaa chenye kumbukumbu ya kilobaiti 32. Yuko, tena si mmoja. Basi leo nitaeleza yote: mashine yenyewe, ukarabati, bei, na uamuzi mmoja uliotusumbua siku tatu nzima.

Mashine ni BBC Micro, Modeli B. Iliundwa mjini Cambridge na kampuni ya Acorn, ikaanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1981. Shirika la BBC lilikuwa linaandaa vipindi vya runinga vya kuwafundisha Waingereza mambo ya kompyuta, likataka mashine ya kwenda sambamba na vipindi hivyo. Serikali yao ikasaidia shule kuinunua, na mwishowe zikauzwa zaidi ya milioni moja. Prosesa yake ni 6502, mwendo wa megahezi 2. Ukiiwasha inalia, sauti nene kisha nyembamba, na papo hapo iko tayari kupokea amri. Hakuna kungoja. Mimi ninayeandika programu kila siku kwenye mashine yenye nguvu mara maelfu, naona wivu.

Na usiidharau. Wahandisi wa Acorn, Sophie Wilson na Steve Furber, walipoanza kubuni prosesa yao wenyewe, walijaribu amri zake kwa programu iliyoandikwa kwa BBC BASIC. Chipu ya kwanza ilipotoka kiwandani mwezi Aprili 1985, walimu wake wa kwanza wa kutembea walikuwa BBC Micro, kwani iliunganishwa nayo kama prosesa ya pili. Chipu hiyo ndiyo ARM. Simu uliyo nayo mfukoni, iwe ya bei gani, karibu hakika ina prosesa ya ukoo huo. Kwa hiyo tunazungumza juu ya bibi yake simu yako.

Ilifikaje Mombasa? Shangazi alikwenda kusoma Leeds mwaka 1985, na alipokuwa anarudi mwaka uliofuata akainunua ikiwa imekwisha kutumika. Tuseme ukweli, ilikuja Kenya kama mtumba. Akaiweka sebuleni, akaiunganisha na runinga, na kila Jumamosi wasichana wa shule aliyofundisha wakawa wanakuja nyumbani, kila mmoja dakika ishirini kwa zamu. Juu ya kibodi akaandika kwa rangi nyeupe ya kucha: USIGUSE BILA RUHUSA. Maandishi hayo yapo hadi leo.

Sasa kwa nini auze? Anahitaji tangi la maji. Wakazi wa Mombasa sina haja ya kuwaeleza zaidi. Lakini alikuwa na sababu nyingine. Aliniambia, "Mwanangu, mimi nikifa leo, kesho hii itapimwa kwa kilo na mtu wa vyuma chakavu. Afadhali niiuze nikiwa na macho ya kuona inakwenda wapi."

Haya, twende kwenye ukarabati. Kama una mashine ya aina hii stoo, neno la kwanza ni hili: usiichomeke kwenye umeme kwa sababu tu unataka kuona kama inawaka. Ndani ya pawasaplai yake kuna kapasita mbili za kuchuja umeme unaotoka ukutani. Ndani zina karatasi, nje zina ganda la plastiki. Miaka ikipita ganda linapasuka nyufa ndogo ndogo, unyevu wa hewa unaingia, na siku utakapowasha, inaweza kuchukua dakika chache tu kabla kapasita haijalipuka kwa moshi mzito wenye harufu ambayo haitoki chumbani kwa wiki. Sasa fikiria hewa ya Mombasa, miaka karibu arobaini. Nilipofungua nilizikuta zote mbili zimejaa nyufa. Nikaweka mpya kabla ya kuwasha chochote, pamoja na kapasita moja nyingine iliyokuwa imekauka. Vipuri vyote, nilivyonunua Luthuli Avenue, havikufika shilingi 900.

Onyo: kisanduku hicho hubaki na volti za kutosha kukuua hata baada ya kuchomoa plagi. Kama hujui kuzimaliza, mpe fundi anayejua.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya subira tu. Chipu nyingi za BBC Micro zimekaa kwenye soketi, hazikulehemewa moja kwa moja, na hewa ya chumvi hushambulia miguu yake. Nilizitoa moja moja, nikasafisha miguu, nikazirudisha. Bahati nzuri Modeli B haina betri ndani, kwa maana betri kuukuu huvuja na kula ubao. Nilipowasha, ikalia sauti zake mbili, na kwenye kioo kukatokea maandishi ambayo Shangazi aliyasoma kabla sijayaona vizuri.

Kisha likaja suala la urembo. Plastiki nyeupe za enzi hizo hugeuka njano, na kuna dawa yake inayojulikana: unapaka hidrojeni peroksaidi, ile ile ya kupausha nywele saluni, unaweka juani, na jua sisi hatununui. Niliamua kutofanya hivyo. Rangi ya kucha isingesalimika, na bila maandishi yale hiyo ni BBC Micro moja kati ya zaidi ya milioni. Nilipangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, nikaishia hapo.

Hapa ndipo ninapotaka tuelewane, kwa sababu ndilo jambo kubwa nililojifunza katika biashara hii. Mkusanyaji hanunui uwezo wa kufanya kazi. Angetaka kuandika BASIC au kucheza michezo ya zamani, kuna programu za bure zinazoiga BBC Micro nzima ndani ya kivinjari. Programu inanakilika, na nakala haina tofauti na asili. Mashine hainakiliki. Anachonunua ni kitu chenyewe, na habari za kweli kukihusu. Basi muuzaji anayeficha anajipunja mwenyewe.

Kwa hiyo tangazo langu lilikuwa orodha. Vilivyobadilishwa: kapasita tatu, na za zamani nimezifunga kwenye mfuko, zitasafiri na mashine. Kasoro: ufa kwenye kona ya nyuma, na kitufe kimoja chekundu kinachotaka kubonyezwa kwa nguvu. Nilichojaribu: kibodi, rangi, sauti, kaseti. Nisichojaribu: sehemu ya diski, kwa sababu sina kiendesha diski. Picha kumi na nane, pamoja na ya ubao wenyewe ukiwa wazi, na ya maandishi ya rangi ya kucha kwa karibu.

Zikaja barua pepe, na mbili kati yake ndizo zilizotuletea kazi.

Mnunuzi wa kwanza hakutaka mashine. Alikuwa ameona kwenye picha ya ubao chipu moja, Intel 8271, inayoendesha diski. Chipu hiyo ilikuwa adimu tangu zama hizo, na leo wenye mashine zilizoharibika huitafuta kama dawa. Alitaka hiyo na chipu nyingine mbili. Mnunuzi wa pili aliitaka mashine nzima kama ilivyo, na swali lake la kwanza lilikuwa kama maandishi yale yatabaki.

Utasema mashine nzima ina bei kubwa kuliko chipu tatu. Ndiyo, kwa bei. Lakini piga hesabu ya nauli. Chipu tatu huingia kwenye bahasha iliyofungwa vizuri. BBC Micro ina uzito wa karibu kilo 4, na ukiifunga inavyostahili inapita kilo 5. Mnunuzi wa pili alitoa pauni 155, takriban shilingi 26,000, usafirishaji juu yetu. Nauli ya ndege na kufungasha vilikula 14,500. Kinachobaki mkononi mwa Shangazi: 11,500. Kwa chipu peke yake angebakiwa na 14,000 safi.

Shilingi 2,500 si kitu kwa mwenye mshahara. Kwa mwalimu mstaafu anayenunua maji kwa mitungi ni kitu. Kwa 14,000 angepata tangi pamoja na jukwaa lake la chuma. Kwa 11,500 angepata tangi la lita 1,000 na kusema asante.

Nilimweleza yote mawili bila kuegemea upande, kwa sababu mashine si yangu na maji si yangu. Nilijitolea kuongeza tofauti hiyo mwenyewe, akakataa. Alikaa na jambo hilo siku tatu. Siku ya nne akanipigia simu na swali moja: "Huyo wa chipu akishachukua, mimi nibaki na nini? Fuvu?" Nikamwambia ndiyo, fuvu, nalo halitawaka tena mpaka nitafute chipu mbadala. Akasema, "Basi mpe yule aliyeuliza maandishi."

Palikuwa bado na suala la kaseti. Zilikuwa saba, na mkusanyaji alizitaka, kwani kaseti zenye programu za wanafunzi wa Kiafrika wa miaka ya themanini hazipatikani kila siku. Angeongeza pesa. Nilizicheza zote nikirekodi sauti kwenye laptopu, kisha nikaibadilisha sauti hiyo kuwa faili. Tano zilisomeka. Kila programu ilianza na jina la msichana aliyeiandika na kidato chake. Kulikuwa na hesabu za riba, maswali ya miji mikuu, na moja iliyochora bendera ya Kenya kwa modi ya 2. Mashine hii ina rangi nane tu, lakini nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe zote zimo. Aliyeiandika alijua anachofanya, maana modi hiyo inakula kilobaiti 20 kati ya 32, na programu nzima lazima itoshe kwenye kinachobaki.

Hizo hazikuuzwa. Mashine ni mali ya Shangazi, lakini kazi za watoto wale si mali yake wala yangu, na wao sasa ni kina mama wa miaka hamsini na kitu ambao hawajaulizwa. Tulimweleza mkusanyaji hivyo, akaelewa. Shangazi anawatafuta mmoja mmoja kwa WhatsApp. Hadi leo amewapata watatu, na kila mmoja nimemtumia programu yake pamoja na maelezo ya jinsi ya kuiendesha kwenye simu. Bibi anafanya kazi ndani ya mjukuu.

Kufungasha: nilitoa pawasaplai na kuifunga peke yake, nikabana kibodi kwa sponji, nikatumia maboksi mawili, moja ndani ya lingine, na nguo kuukuu katikati. Plagi sikuigusa, kwani ya kwao na ya kwetu ni moja, tena tulirithi kwao. Ilifika nzima. Mnunuzi alituma video fupi ya mashine ikilia sauti zake mbili juu ya meza yake, na maandishi yanasomeka.

Tangi limeshafungwa. Limesimama juu ya matofali ya kuazima kwa jirani, jukwaa litakuja baadaye.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama kwenu kuna Commodore, Spectrum, Apple II au BBC Micro inayolala chini ya magunia, itoe, ipige picha, uliza wazee ilitoka wapi na nani aliitumia, uandike majibu hayo kabla ya kugusa bisibisi. Ukibadilisha kipuri, kiandike. Ukikuta majina ya watu ndani, yarudishe kwa wenyewe kabla hujaanza kutaja bei. Na tafadhali, usiichomeke kwanza.