Kutembea Makiso na kuhesabu ngazi

Juma hili tunawatembeza njia ambayo wengi wetu tunaipita kila siku hapa Kisangani: kutoka ukingo wa mto, pale mitumbwi inapovusha watu wa Lubunga, mpaka soko kubwa na maofisi ya komini ya Makiso. Safari hii hatukuuliza bei ya samaki. Tulitazama milango.

Sokoni hakuna mlango. Mama anayetembea kwa trisikli anafika mpaka mezani pake, anapanga sabuni na chumvi, anauza. Wenzetu wenye ulemavu tunawaona zaidi kazi za nje kama hizo: kuuza, kushona nguo barazani, kutengeneza viatu chini ya mwavuli. Kazi za mshahara ziko ndani. Mbele ya jengo moja tulihesabu ngazi 5, halafu mlango mzito wa chuma wa kuvuta. Mwenye magongo mawili atauvuta kwa mkono gani? Msichana anaweza kuwa na diploma ya Chuo Kikuu, na bado akabaki uani akingoja mtu wa kumbeba. Kesho yake atambeba nani?

Katika mji wetu jambo hili si la watu wachache. Katika Vita ya Siku Sita, tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa mizinga katikati ya mitaa yetu. Wengi walikufa, na wengine walipoteza miguu au mikono. Mtoto aliyekuwa na miaka 5 siku zile, leo ni mzazi anayetafuta kazi.

Katika nchi nyingine maofisi mengi yana milango inayofunguka yenyewe. Juu ya mlango kuna kifaa kinachohisi mtu akikaribia, na mota inausogeza. Wamarekani wawili, Dee Horton na Lew Hewitt, walianza kubuni mlango wa kuteleza unaofunguka wenyewe mwaka 1954 huko Texas, kwa sababu upepo mkali uliwasumbua watu kufungua milango ya kawaida. Lakini karani wa kiti cha magurudumu alipata kuingia kazini bila kuomba msaada, na mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo mikononi akapita pia.

Hapa kwetu umeme hukatika mara nyingi, na mlango wa mota usioweza kusukumwa kwa mkono ungetufungia wote. Ila kazi ya mlango ule tunaweza kuifanya kwa simenti na mbao:

– Mlango uwe na upana wa sentimita 80 au 90, ili kiti cha magurudumu kipite.
– Pembeni ya ngazi kuwe na njia ya mteremko. Kwa kila sentimita 15 za kupanda, njia iwe na urefu wa karibu metre 1.80. Simenti iachwe na mikwaruzo, maana mvua yetu haina msimu wa kupumzika.
– Kishikio kiwe cha kusukuma chini, hata kwa kiwiko, si cha mviringo.
– Bawaba zitiwe mafuta. Mlango mwepesi ni wa kila mtu.

Sheria iko upande wetu. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria ya kulinda na kuendeleza haki zao. Tukienda kwa mkubwa wa ofisi, tuitaje kwa heshima, na tumwonyeshe vipimo.

Kabla ya hapo, tuanze kwetu. Kila kikundi kichukue metre ya fundi, kipime mlango wa chumba chake cha mkutano, na kihesabu ngazi. Mleteni hesabu hiyo kwenye mkutano ujao. Palipo na ngazi moja au mbili, mifuko michache ya simenti na mchanga vinaweza kutosha, na mafundi tunao nyumbani.