Kabla ya kupasua viunzi vya mizinga, pima msumeno wako

Ndugu msomaji, wengi mmezoea kunisikia nikizungumzia mahindi, mihogo na chanjo ya kuku. Leo naomba tuingie kwenye karakana ya seremala, kwa sababu huko ndiko nilikofanya kosa ambalo mpaka leo linanisumbua.

Kikundi kimoja cha wafugaji nyuki upande wa Serengeti kiliniomba nikitafutie fundi wa kutengeneza mizinga 20 ya viunzi vya juu. Nikampata fundi Tarime, mchapakazi, mwenye msumeno wa meza aliouunda mwenyewe: fremu ya chuma ya kuchomelea, mota chini, mkanda, na bledi imechomoza katikati ya meza. Mvua zilikuwa zinakaribia, nami nilikuwa nimeshaahidi tarehe. Kila jioni nilimpigia simu: "Fundi, bado tu?" Sikumuuliza hata siku moja kama mashine yake imenyooka.

Siku ya nne alinipigia yeye. Msaidizi wake, kijana wa jirani, alikuwa anapasua papi za viunzi. Ubao ulibanwa, ukanyanyuka, ukarushwa nyuma ukampiga tumboni. Mkono uliokuwa unasukuma ukateleza mbele kwenye bledi. Alipoteza ncha za vidole viwili. Nilipokwenda kumwona hospitali, mama yake alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanishukuru kwa kuja. Afadhali angenilaumu.

Mizinga ilikamilika, nyuki wakaingia. Wakati wa kufungua kukaguliwa, hakuna kiunzi kilichotoka peke yake. Masega yalikuwa yamejengwa kukata viunzi viwili viwili, ukinyanyua kimoja unararua sega la jirani na asali inamwagika. Nikapima: kiunzi kimoja kilikuwa na milimita 32 upande huu na 35 upande wa pili. Nyuki wetu wa Kiafrika wanataka kiunzi cha milimita 32 hivi, yaani unene wa sega pamoja na nafasi ya kupita. Kosa la milimita 3 unaliona dogo, lakini kwenye viunzi 10 ni milimita 30, karibu kiunzi kizima. Nyuki hawafuati kiunzi chako, wanafuata kipimo chao.

Nilirudi karakana na rula ya chuma, tukapima na fundi. Ule ubao wa kuongozea, unaokaa sambamba na bledi, ulikuwa umepinda: kwa nyuma ulikuwa karibu na bledi kuliko mbele. Mbao ikifika nyuma inabanwa katikati ya ubao huo na bledi. Meno ya nyuma yanapanda juu, kwa hiyo yanainyanyua mbao na kuirusha kwa aliyesimama. Kosa lile lile lililopindisha viunzi ndilo lililomkata kijana. Ungepima mara moja, ungeokoa asali na vidole.

Basi ndugu yangu, kama una msumeno wa meza, au unampelekea kazi mwenye nao, fuata hatua hizi.

Kwanza, chomoa waya kwenye soketi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Na umeme ukikatika kazini, zima swichi hapo hapo, la sivyo ukirudi mashine inaanza kuzunguka yenyewe wakati mkono wako uko juu ya meza.

Pili, weka alama ya chaki kwenye jino moja lililopinda kuelekea ubao wa kuongozea. Lilete mbele, pima kutoka jino hilo mpaka kwenye ubao. Lizungushe mpaka nyuma, pima tena. Vipimo vilingane. Nyuma pakizidi kwa nusu milimita si neno, ila pasipungue kamwe. Kisha kaza ubao kwa klampu pande zote mbili, upime upya, kwa sababu kukaza nako kunasogeza.

Tatu, simamisha skwea juu ya meza igusane na bledi, ikwepe meno. Ukiona mwanga katikati, bledi imelala.

Nne, shusha bledi ibaki imezidi unene wa mbao kwa kimo cha jino moja tu.

Tano, nyuma ya bledi pawe na bapa la chuma, jembamba kuliko njia ya msumeno, linalozuia mbao isifumbe na kubana bledi. Kama mashine yako haina, mwambie fundi wa kuchomelea akuwekee.

Sita, pasua kipande cha majaribio kirefu, upime ncha zote mbili kabla ya kugusa mbao ya mteja.

Wakati wa kupasua, simama pembeni, usisimame kwenye mstari wa bledi. Sukuma mapapi membamba kwa kijiti, si kwa vidole. Usivae glavu wala mikono mirefu inayoning'inia, na funga vizuri kanga au shati. Vaa miwani. Usipasue mbao bila kuiegemeza kwenye ubao wa kuongozea.

Na wewe unayeagiza, usiishie kuuliza bei. Nenda na rula, pima viunzi vitano vya mwanzo kwa ncha zote mbili, ukivikuta sawa ndipo useme endelea. Halafu mpe fundi siku za kutosha. Mimi nilihesabu siku za mvua, sikuhesabu vidole. Mizinga ikichelewa wiki moja, nyuki bado wapo porini. Kidole kikikatika hakioti tena.