Nilimlaumu Fundi Bure

Nyumba yetu hapa Ujiji ina chumba kimoja cha juu, na sakafu yake ni ya mbao. Humo ndimo mama yetu alimopenda kukaa jioni, apate upepo wa ziwa. Mwanangu mkubwa alipotuletea vigae vya mawe, nilimwita fundi mwashi amtandikie bibi yake sakafu nzuri.

Fundi alikanyaga katikati ya chumba, akaniambia: "Mzee, sakafu hii inanesa. Tuongeze boriti kwanza." Nikadhani anatafuta fedha zaidi, nikamwamuru atandike. Mvua za mwaka ule hazijesha, ufa ukatokea juu ya boriti ya katikati, toka ukuta hata ukuta. Nilimnyima salio la ujira wake, na mtaani nikamwita fundi wa uongo. Mama naye aliogopa, asipande tena.

Mwanangu aliporudi likizo, yeye aliyesomea ujenzi, alinieleza sababu. Jiwe hustahimili kubanwa, lakini halistahimili kupindwa. Ubao hupinda kidogo mtu apitapo, kisha hurudi. Tena hufura wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Jiwe lililogandishwa juu yake kwa saruji haliwezi kuufuata, basi hupasuka. Kwa kanuni itumikayo Marekani, boriti ya mita 3.6 ikichukua vigae vya udongo wa kuchoma yaweza kupinda milimita 10; ikichukua vya mawe, milimita 5 tu. Urefu nao ni adui: boriti ya unene ule ule, ikirefushwa mara mbili na kubeba mzigo ule ule kwa kila mita, hupinda mara 16. Alinikumbusha majumba ya kale ya Zanzibar, ambamo sakafu za juu ni za mawe na chokaa. Vyumba vyake ni vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko ni fupi, nazo zimepangwa karibu karibu.

Nilikwenda kwa fundi na salio lake mkononi. Nilimkuta na wanawe, nikasema mbele yao kwamba kosa lilikuwa langu. Akaja, akatia boriti mpya kati ya zile za zamani, akapigilia tabaka la pili la mbao, ndipo akatandika upya.

Mvua tatu zimepita na hapana ufa. Lakini mama alikuwa amekwisha kututoka. Sakafu hiyo hakuikanyaga.